Zege Chini ya Blanketi

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, kule Arusha. Mimi naishi Tabata na Arusha sijawahi kufika, lakini jioni ile nilimaliza mandazi sita, na chai haikuwepo.

Shule zikafungwa, daladala zikawa za levo siti, kazini tukaambiwa tubaki nyumbani. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Taarifa ya habari ya asubuhi nilisindikiza na vitumbua, ya mchana karanga, ya saa mbili usiku chipsi zege. Siku hizi najua kwamba hofu ikidumu mwili hutoa homoni ya kotisoli, inayoamsha hamu ya sukari na mafuta. Wakati ule nilidhani ni uroho wa ukoo wa baba, na nikakosea kulisema hilo mbele ya shangazi.

Kufika Aprili suruali zote zilinikataa, nikabaki na bukta moja. Shangazi akatoa amri mbili: chipsi marufuku, na nyungu kila jioni uani. Sufuria la mchaichai, mwarobaini, malimao na tangawizi, blanketi juu, dakika kumi.

Dakika kumi gizani, hakuna anayekuona! Kwangu hiyo ilikuwa fursa. Nikampa mtoto wa mwenye nyumba hela ya zege, mia tano ikiwa yake ya kufunga mdomo. Akaniletea kwenye foili, nikaingia nayo ndani ya blanketi kama mtu anayekwenda kutubu.

Tonge la kwanza, raha. La pili, mvuke ukaipata pilipili.

Jamani, pilipili ya chipsi ikichanganyika na mvuke wa tangawizi haipiti kooni, inapita kila mahali. Nilikohoa mpaka sufuria likatikisika. Nataka kusema "ni pilipili", inatoka "pi... pi..." tu.

"Anakohoa! Pumzi imekata!"

Nyumba ya kupanga ina vyumba nane. Nilisikia milango minane ikifungwa. Mama wa chumba cha tatu alibeba watoto wake wawili na, kwa haraka, mmoja wa jirani. Bodaboda aliyekuwa getini akaondoka na begi la abiria, abiria akimkimbilia nyuma. Kuna aliyepaza sauti, "Pigeni 199!"

Shangazi akapiga, akaweka sauti kubwa. Kisha akajifunga kitenge puani, akachukua mti wa mopa, na akiwa hatua tatu nyuma akalifunua blanketi.

Ukimya. Mimi machozi, makamasi, kijiti mkononi, nusu ya yai ikielea kwenye mwarobaini.

"Haloo, mama," simu ikauliza, "mgonjwa ana dalili gani?"

Shangazi aliniangalia muda mrefu.

"Ana kachumbari kwenye ndevu," akajibu, akakata.