Huduma za dharura kushirikiana: pa kubana bajeti na pasipoguswa

Kila serikali inapobana matumizi, pendekezo moja hurudi mezani kwa jina jipya: polisi, zimamoto na huduma ya magari ya wagonjwa washirikiane zaidi ili fedha zitoshe. Ni pendekezo gumu kulipinga hadharani, kwa sababu anayelipinga huonekana anatetea kituo chake na cheo chake. Hata hivyo, uzoefu wa Uingereza, ambako jambo hili limejaribiwa kwa sheria, kwa miradi mikubwa na kwa kuunganisha taasisi nzima nzima tangu miaka ya mwanzo ya 2000, unaonyesha kwamba wapingaji hao wamesikilizwa nusu nusu. Wengi wao hawakatai kushirikiana. Wanachokataa ni kuufanya ushirikiano kuwa mbadala wa fedha, na katika hilo naona wana hoja nzito kuliko wanavyopewa.

Watetezi nao hawajabuni tatizo. Mei 2013 Sir Ken Knight, aliyewahi kuwa mshauri mkuu wa serikali kuhusu zimamoto, alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba matukio yanayohudumiwa na zimamoto England yalikuwa yamepungua kwa asilimia 40 ndani ya miaka 10, ilhali matumizi na idadi ya askari havikuwa vimebadilika sana. Wakati huo England ilikuwa na mamlaka 46 za zimamoto, kila moja na uongozi wake, manunuzi yake na namna yake ya kuandika mkataba wa magari yale yale. Upande wa pili, simu za wagonjwa zilizidi kuongezeka. Anayeziweka hali hizo mbili pamoja hawezi kulaumiwa akiuliza kwa nini askari mmoja anasubiri moto usiotokea wakati mhudumu wa gari la wagonjwa wa mtaa huo huo hana hata muda wa kukaa chini.

Ipo pia mifano midogo ambayo haina ubishi. Mgonjwa anayeishi peke yake ameanguka ndani, mhudumu amefika na anamsikia akiguna upande wa pili wa mlango uliofungwa. Kwa miaka mingi aliyeitwa England kuvunja mlango wa namna hiyo alikuwa polisi, ambaye huenda yuko mbali na ana mikononi kesi nyingine. Katika maeneo mengi kazi hiyo sasa inafanywa na zimamoto, ambao wana vifaa vya kufungua mlango upesi na kwa uharibifu mdogo. Halikujengwa jengo jipya wala hakuteuliwa mkurugenzi mpya. Yalitosha makubaliano na mafunzo. Nani angepinga hilo?

Kutoka hapo, wabunge wakapiga hatua kubwa zaidi. Sheria ya Polisi na Uhalifu ya 2017 ilifanya ushirikiano kuwa wajibu wa kisheria kwa huduma zote 3 za England, na ikamruhusu kamishna wa polisi anayechaguliwa na wananchi kuchukua pia usimamizi wa zimamoto. Essex ilikuwa ya kwanza kufanya hivyo, Oktoba 2017. Matumaini yalikuwa kwamba chini ya usimamizi mmoja milango ingefunguka yenyewe kati ya huduma na huduma.

Haikuwa imetimia miezi 4 tangu sheria hiyo iidhinishwe pale bomu lilipolipuka Manchester Arena, ukumbi wa matamasha wa jiji la Manchester, usiku wa tarehe 22 Mei 2017, na kuua watu 22. Takwimu moja ya usiku ule ingepaswa kuandikwa juu ya kila mpango wa ushirikiano: askari wa zimamoto wa kwanza walifika eneo la tukio saa 2 na dakika 6 baada ya mlipuko. Kituo cha karibu cha zimamoto kilikuwa chini ya kilomita moja. Askari wake hawakukosa gari wala mafuta, na hawakukosa moyo wa kwenda. Waliagizwa wakakusanyike katika kituo cha Philips Park, mbali zaidi na ukumbi ule, na huko wakasubiri.

Na mwongozo wa kushirikiana ulikuwepo. Tangu 2012 Uingereza ilikuwa na mpango uitwao JESIP, unaowataka makamanda wa huduma 3 wakutane mahali pamoja mapema, wapeane taarifa na wakubaliane hatari iko wapi. Kilichokatika kilikuwa kitu kidogo mno. Ofisa mmoja wa zamu upande wa polisi ndiye aliyebeba mzigo wa kuongoza hatua za mwanzo, na saa 4:47 usiku, akihofia kuwa kuna mshambuliaji mwenye silaha anayezunguka, alitangaza utaratibu wa tukio la aina hiyo. Hakuzijulisha zimamoto wala huduma ya wagonjwa. Ofisa wa zimamoto mwenye jukumu la kuwasiliana na huduma nyingine alijaribu kumpigia, lakini hakumpata, kwa kuwa simu zilikuwa zinamiminika kutoka kila upande. Kwa kukosa uhakika, akachagua tahadhari na kuwaweka askari wake mbali. Hadi majeruhi wa mwisho anaondolewa kwenye chumba cha mlipuko, ni wahudumu 3 tu wa magari ya wagonjwa waliokuwa wameingia humo. Ripoti ya pili ya tume iliyochunguza shambulio hilo chini ya Sir John Saunders, iliyotoka Novemba 2022, ilihitimisha kwamba mmoja wa waliofariki pengine angeishi kama angehudumiwa ipasavyo.

Tume hiyo ililaumu mengi: maamuzi mabaya, woga uliopitiliza, mafunzo yasiyoshika. Itakuwa udanganyifu kusema kwamba bajeti peke yake ndiyo iliyowaweka askari wale Philips Park. Lakini tume ilieleza pia kuwa hatari ya ofisa yule wa zamu kuzidiwa na kazi ilikuwa imekwisha kuonekana kabla, kwenye mazoezi. Hapo ndipo mimi hushindwa kupita haraka. Dawa yake ilikuwa inafahamika: watu zaidi wa kumsaidia kwenye dawati lile, na laini ya mawasiliano inayoziunganisha huduma 3 hata simu za kawaida zikijaa. Katika usiku wa kawaida, watu hao wa ziada wangekuwa na kazi ndogo. Mkaguzi wa hesabu angepita, angewaona wamekaa, na angeandika kwamba nafasi hizo hazitumiki ipasavyo. Katika kipindi ambacho idadi ya polisi wa England na Wales ilipungua kwa karibu 20,000, kati ya 2010 na 2018, ni mkuu gani wa polisi angetetea kiti ambacho umuhimu wake huonekana usiku mmoja katika miaka mingi?

Hilo ndilo wanalosema wanaoogopa kuunganishwa kwa lengo la kubana fedha, na ndilo linalotafsiriwa kuwa ubinafsi. Ushirikiano hufanywa na watu ambao mikono yao imebaki wazi. Anayepokea simu 6 kwa wakati mmoja hawezi kushirikiana na mtu, hata kama anakaa jengo moja naye. Mazoezi ya pamoja nayo yanataka askari watolewe zamu kwa siku nzima, wengine walipwe kushika nafasi zao, na huduma 3 zipatikane siku hiyo hiyo. Yakifutwa, hakuna mwananchi atakayepiga simu kulalamika, na ndiyo maana hufutwa mapema. Tukirudi kwenye ile asilimia 40 ya Knight, hakuna anayempunguzia golikipa mshahara kwa sababu ameguswa na mipira michache msimu huu.

Scotland ilichukua njia ya kuunganisha kabisa. Tarehe 1 Aprili 2013 vikosi 8 vya polisi vilifanywa kimoja, na zimamoto 8 zikawa moja. Kuna faida zilizopatikana, hasa kwa maeneo madogo ambayo hayakuwa na wataalamu wao. Lakini vyumba vya kupokelea simu navyo vilipunguzwa, na Julai 2015 simu ya mtu aliyeona gari limeacha njia karibu na barabara kuu ya M9 ilipokelewa, ikaandikwa kwenye daftari, isiingizwe kwenye mfumo. Gari lilikutwa siku 3 baadaye. Mwanamume aliyekuwemo alikuwa amefariki. Mwanamke aliyekuwa naye alikutwa hai, kisha akafariki hospitalini. Mwaka 2021 polisi hao walikiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya pauni 100,000. Unapoyafunga madawati ya mji mmoja na kuhamishia simu zake kwenye mji mwingine kabla mfumo mpya haujazoeleka, akiba inaingia kwenye vitabu mwaka huo huo, ilhali hatari yake haina safu ya kuandikwa.

Hata akiba yenyewe haina uhakika. Mwaka 2004 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa kubadilisha vyumba 46 vya udhibiti vya zimamoto England viwe vituo 9 vya mikoa. Vikosi havikuutaka, teknolojia haikukamilika, na Desemba 2010 mradi ukafutwa. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikadiria hasara isiyopungua pauni milioni 469, na majengo mapya yalibaki tupu huku serikali ikiendelea kuyalipia pango.

Kuhusu askari wa zimamoto kuitikia simu za wagonjwa, hoja ya kitabibu ni nzuri sana. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila kifaa cha kushtua moyo hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Zimamoto nyingi za Uingereza zilishiriki majaribio ya kazi hiyo kuanzia 2015, na Septemba 2017 chama cha askari wa zimamoto kikajitoa. Wengi walikilaani. Mimi naona kililazimika kuuliza swali la haki: je, mtu ambaye nyongeza yake ya mshahara ilikuwa imefungwa kwenye asilimia 1 kwa miaka kadhaa aongezewe taaluma ya pili, pamoja na kushuhudia vifo vingi zaidi kuliko alivyotarajia alipojiunga, bila malipo yake kuzungumzwa? Kazi ile ilikuwa na thamani kubwa kwa mgonjwa, na ilistahili kuwa na thamani pia kwenye hati ya mshahara.

Inawezekana kufanikiwa. Finland ina taasisi moja ya taifa inayopokea simu za 112 kwa ajili ya polisi, uokoaji, wagonjwa na hata ustawi wa jamii, na katika mageuzi yaliyokamilika 2014 ilipunguza vituo vyake kutoka 15 hadi 6. Nchi ile ilikuwa kwanza imewasomesha wapokeaji simu hao kama taaluma inayojitegemea, ndipo ikapunguza majengo. Watetezi wa kuunganisha hupenda kuitaja Finland kwa sababu ya vituo 6, na mara chache hutaja shule.

Kwa hiyo ningekubali bila kusita manunuzi ya pamoja, karakana ya pamoja, jengo moja lenye vituo 2, na makubaliano ya nani avunje mlango. Huko ndiko bajeti finyu ina haki ya kutafuta akiba. Ningekataa kuguswa kwa watu wa madawati ya mawasiliano na kwa siku za mazoezi ya pamoja mpaka kila mpango uonyeshe, kwa majaribio ya usiku yasiyotangazwa, ni dakika ngapi hupita tangu huduma moja ipate taarifa ya tukio kubwa hadi zile nyingine mbili ziwe nayo. Takwimu hiyo hainunuliwi kwa bei kubwa, na bado taarifa za ushirikiano huhesabu pauni zilizookolewa na majengo yaliyouzwa kabla ya kuzihesabu dakika hizo.