Usimfukuze Mtoto kwa Kipimo cha Mkojo

Alikuja maabara asubuhi mapema, hata vikombe vya sampuli sijavipanga. Mama wa makamo, buibui limelowa mvua upindoni. Akafungua fundo la leso, akatoa kipimo cha plastiki kilichozongwa tishu, akakiweka mezani pangu.

"Mwanangu, nisomee hiki. Lakini mimi nishakijua. Kina mistari miwili."

Kilikuwa kipimo cha dawa za kulevya, alikinunua duka la dawa. Jirani alimtia wasiwasi kwamba kijana wake wa miaka 19 anaonekana maskani na mateja. Akamtaka akojoe kikombeni, akachovya, mistari miwili ikatoka. Siku hiyo hiyo nguo za kijana zikatupwa nje. Hadi mama ananijia, mtoto alikuwa ameshalala siku tatu barazani mwa msikiti.

Mistari miwili kwenye kipimo kile maana yake ni kwamba dawa haikuonekana.

Simlaumu hata kidogo. Mama yeyote wa Mombasa amefundishwa na zahanati kusoma mistari. Malaria, mistari miwili, unayo. Mimba, mistari miwili, unayo. Virusi vya Ukimwi vilevile. Kipimo cha dawa za kulevya kinakwenda kinyume. Ndani yake mna kingamwili zilizotiwa rangi, na mkojo unapopanda kwenye karatasi unazibeba. Pale penye herufi T pamebandikwa dawa kidogo sana, kama chambo. Mkojo ukiwa hauna dawa, kingamwili zinafika pale zikiwa huru, zinanasa, mstari unatokea. Mkojo ukiwa na dawa, kingamwili zimeshashikwa njiani, zinapita moja kwa moja, na T inabaki nyeupe. Mstari mmoja peke yake kwenye C, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, ndio wa kutia shaka. Na ule mstari hafifu wa T, wa kuutafuta kwa kuelekeza dirishani, nao ni mstari kamili. Hausemi "anatumia kidogo". C isipotokea, kipimo kimeharibika, kitupwe.

Kisha kipimo hiki husomwa baada ya dakika 5 hivi, hakisomwi baada ya siku tatu ndani ya fundo la leso. Nikamwambia amlete kijana. Walikuja baada ya adhuhuri. Tukapima upya mbele yao wote wawili, mama mwenyewe akihesabu dakika kwenye simu yake. Mistari miwili. Kijana hakusema neno, aliangalia viatu vyake tu. Mama akajifunika uso kwa ushungi.

Sisemi kijana yule hajawahi kugusa unga, yaani heroini. Hilo kipimo hakiwezi kusema. Kwa kawaida mofini, ambayo ndiyo heroini hugeuka kuwa mwilini, haikai mkojoni zaidi ya siku mbili au tatu, na kipimo cha mofini hakioni tramadoli, ile dawa ya maumivu, wala bugizi, vile vidonge vya kulevya. Kila jamii ya dawa ina kipimo chake. Ninachosema ni kwamba kipimo cha haraka kimetengenezwa kitutie shaka, halafu shaka ipelekwe kwa mashine inayojua kutofautisha. Sisi tumekigeuza hakimu. Tumekipa uwezo wa kufukuza mtoto, kufuta mtu kazi, hata kumvunjia mtu ndoa, na mimi naona hili ni dhuluma inayofanyika mchana kweupe mjini petu.

Limenigusa nyumbani pia. Mpwa wangu alikuwa dereva kwenye yadi moja ya makontena. Alikuwa na kikohozi cha wiki nzima, akapewa dawa ya maji yenye kodeini. Siku ya ukaguzi wakampima mkojo, mstari mmoja. Kabla ya saa sita alikuwa nje ya geti na bahasha yake.

Kodeini ni ndugu wa mofini. Mwili wenyewe hugeuza sehemu yake kuwa mofini. Kipimo cha haraka hakiwezi kuona tofauti baina ya mtu wa kikohozi na mtu wa kete, vile vifuko vidogo vya unga. Mashine inaona. Heroini ikiingia mwilini hukaa dakika chache tu katika damu, inageuka kuwa kitu kiitwacho 6-monoasetilimofini, kisha hicho kinakuwa mofini. Kodeini haitoi 6-monoasetilimofini. Kikionekana kile mkojoni, mtu ametumia heroini, hakuna kikohozi cha kukielezea. Ila nacho huondoka upesi, mara nyingi ndani ya siku moja, ndiyo maana mkojo wa mwanzo unatakiwa uhifadhiwe kwenye baridi mpaka neno la mwisho litoke. Nilikwenda mimi mwenyewe kwenye yadi ile kuomba mkojo wa mpwa wangu upelekwe kuthibitishwa kwa gharama yangu. Nikaambiwa umeshamwagwa.

Wenzetu walishapita hapa. Marekani, kwa vipimo vya wafanyakazi wa serikali, ilipandisha kiwango cha kutia shaka cha afyuni, yaani jamii ya mofini na kodeini, kutoka nanogramu 300 kwa mililita hadi 2,000 mwaka 1998, kwa sababu watu waliokula mikate yenye mbegu za mpopi, mmea wa afyuni, walikuwa wakionekana watumiaji. Na hata wakivuka kiwango hicho, sampuli lazima ithibitishwe kwa njia nyingine kabla mtu hajaguswa. Vipimo vingi vya madukani hapa bado vina 300 kwenye boksi. Angalia mwenyewe.

Hadithi ya mkojo ndiyo hiyo hiyo ya unga unaokamatwa. Wengi tunakumbuka jahazi la Al Noor, lililolipuliwa baharini Agosti 2014 mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, likiwa na heroini ya zaidi ya kilo 300. Kwenye habari tunaona bunduki na magunia. Hatumwoni mkemia, na bila yeye lile gunia mahakamani ni gunia la kitu cheupe tu. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inamtaka.

Kazi yake inaanza kwa rangi. Tone la kemikali ya Marquis, ambayo ni formalini ndani ya asidi kali ya salfa, likidondoshewa heroini hugeuka zambarau. Likidondoshewa mofini, zambarau. Kodeini, zambarau. Aspirini inatoa wekundu, na hata sukari ya kawaida inaweza kwenda hudhurungi iliyokoza, rangi inayokaribia ya amfetamini, dawa nyingine ya kulevya. Kwa hiyo rangi inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. Nyumba inapatikana kwenye kromatografia ya gesi. Unga unayeyushwa, unapashwa moto, heliamu inausukuma ndani ya mrija wa mita 30 wenye tundu la robo milimita. Humo kila kitu kinatembea kwa mwendo wake: kafeini inatoka kwa wakati wake, parasetamoli kwa wake, heroini nyuma kabisa. Kikitoka kinapasuliwa vipande, na mashine inavipima uzito. Heroini huacha alama ya 369, na ya 327 karibu yake. Kodeini haina hizo.

Na zikiwa kete nyingi? Mwongozo unaotumiwa sana wa Umoja wa Mataifa unasema zikiwa chini ya 10 zipimwe zote; kuanzia 10 hadi 100 zichukuliwe 10; zaidi ya hapo, kipeuo cha pili cha idadi. Kete 200, unapima 15. Lakini zichaguliwe bila kupendelea, na kila bahasha iwe na lakiri, saa, na sahihi ya kila mkono ulioishika. Mkono mmoja ukikosekana kwenye karatasi, wakili mzuri atauliza kama unga uliopimwa ndio uliokamatwa, na ana haki ya kuuliza. Muda nao una lake. Waulize waliobishana kuhusu muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, mwaka 2024, serikali ya kaunti ilipoupiga marufuku: nguvu yake ni kathinoni, na kathinoni huanza kugeuka kathini, iliyo dhaifu zaidi, tangu majani yanapochumwa. Yaache siku kadhaa kwenye bahasha ndani ya ofisi yenye joto la Mombasa, utapima kitu kingine kabisa.

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi kuliko la mahakamani. Mkemia akipima kete anajua mlikuwa na nini: heroini kiasi gani, imechanganywa na nini. Matokeo yale yanaingia kwenye faili la kesi, faili linafungwa kabatini. Teja anayekwenda kliniki ya Kisauni kuchukua methadoni yake, dawa anayopewa badala ya heroini, na muuguzi anayempa, hawaambiwi kitu. Unga wa mtaani ukizidi nguvu ghafla, wa kwanza kujua ni wale wanaokuta mtu kalala uchochoroni hapumui. Hivi ni siri ya nani? Jina la mshtakiwa lifichwe, namba ya kesi ifichwe, lakini kilichomo ndani ya unga kipelekwe kliniki wiki hiyo hiyo. Wale nao ni watoto wetu.

Kwa waajiri, ombi langu ni moja: gaweni mkojo chupa mbili, moja mkaifunge kwenye friji, na msimtoe mtu kazini kabla ya uthibitisho. Muulizeni kwanza anameza dawa gani. Kwa wenye maduka ya dawa, karatasi ya maelezo mnayouza na kile kipimo imeandikwa Kiingereza kwa herufi za kusoma kwa lenzi. Chukueni dakika moja mweleze mnunuzi.

Mimi nimechora kwa kalamu nyeusi vipimo viwili vikubwa kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Chini ya chenye mistari miwili nimeandika HAIKUONEKANA. Chini ya chenye mmoja nimeandika BADO HATUJUI, LETE TUTHIBITISHE. Yule mama alikipiga picha kile cha kwanza kwa simu yake akamtumia jirani, kisha wakatoka, yeye na mwanawe, mama kabeba mfuko wa nguo.