Shina Lipo, Tazama Chini

Kuna mimea ambayo majani yake yote huonekana kutoka ardhini, kama kitunguu na karoti. Sikubaliani na maelezo yake yanayosema "hauna shina" kisha yakapita kama vile hoja imekwisha. Shina lipo. Majani huota kwenye vifundo vya shina, na katika mimea hii pingili, yaani sehemu za shina kati ya kifundo na kifundo, ni fupi mno kiasi kwamba majani yote huonekana yametoka mahali pamoja, usawa wa udongo.

Pasua kitunguu maji kwa urefu. Kile kisahani kigumu cha chini kabisa, ambacho mpishi hukikata na kukitupa pamoja na mizizi, ndicho shina lenyewe. Matabaka yote tunayokula ni sehemu za chini za majani, zimeshikamana hapo. Katikati, juu ya kisahani, kuna chipukizi changa, na uhai wa mmea umejificha hapo.

Kinachonikera zaidi ni kuueleza mmea kwa sura ya siku moja. Karoti hutandaza majani yake chini msimu mzima. Ikishapitia baridi, pingili hurefuka na bua hupanda na maua. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi wa mimea Anton Lang alionyesha kuwa jiberelini, homoni ya ukuaji wa mimea, inaweza kuchochea baadhi ya mimea ya namna hii, karoti ikiwemo, kurefuka na kuchanua hata bila baridi. Uwezo wa kurefuka ulikuwamo muda wote. Nao mmea wa Ulaya ambao Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, aliuita Carlina acaulis mwaka 1753, yaani usio na shina, una jamii ndogo ambayo shina lake huonekana wazi kabisa!

Ndiyo maana namkubali zaidi Christen Raunkiær, mtaalamu wa mimea wa Denmark. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliipanga mimea kwa kuuliza chipukizi hukaa wapi wakati wa msimu mgumu: juu hewani, usawa wa ardhi, au chini ya udongo. Swali hilo linakwambia mmea unavyoishi. Chipukizi lililo usawa wa ardhi mara nyingi huponea meno ya ng'ombe, majani yakaota upya.

Kwa hiyo anayeeleza mmea wa aina hii aandike "shina fupi sana", ataje umri wa mmea huo na msimu alipoukuta, na aseme kama bua la maua lina majani au ni tupu. Bua tupu hutokea moja kwa moja kwenye lile shina fupi. Lenye majani huenda ni shina lenyewe limeanza kurefuka.