Mgongano ndiyo, lakini mgongano upi?

Karibu kila makala kuhusu chanzo cha Mwezi husimulia kisa kilekile. Takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita, sayari changa yenye ukubwa kama wa Mirihi, ambayo wataalamu wameipa jina Theia, iliigonga Dunia. Vifusi vikaruka, vikaizunguka Dunia, vikashikana, Mwezi ukapatikana. Nukta. Kisa nakikubali, ninachokataa ni hiyo nukta.

Nadharia za awali zilikufa kihalali. George Darwin, mwana wa Charles Darwin, alipendekeza mwaka 1879 kwamba Dunia ilikuwa ikijizungusha kwa kasi kubwa hadi ikameguka kipande. Osmond Fisher akaongeza kwamba Bahari ya Pasifiki ndiyo kovu lake. Wazo tamu kweli, ila sakafu ya bahari hiyo ina miaka milioni mia mbili tu hivi, na hakuna aliyeeleza vizuri kasi yote ile ilikwenda wapi. Wengine walisema Dunia iliunasa Mwezi ukiwa unajipitia zake. Lakini ni nini kilichoupunguzia mwendo? Wengine wakaona vimezaliwa pamoja kutoka vumbi moja. Basi mbona kiini cha chuma cha Dunia ni karibu theluthi ya uzito wake, na cha Mwezi ni asilimia chache tu?

Swali hilo la chuma ndilo lililoupa mgongano nguvu. William Hartmann na Donald Davis waliandika kuuhusu mwaka 1975, Alastair Cameron na William Ward wakafuata mwaka 1976. Hoja ni kwamba wakati wa kugongana, chuma kilikwisha kuzama katikati, hivyo kilichorushwa nje ni miamba ya juu. Chuma cha Theia nacho kikadidimia ndani ya Dunia. Joto la tukio hilo linaeleza pia kwa nini Mwezi una upungufu wa potasiamu na vitu vingine vinavyovukiza upesi.

Shida ilitoka kwenye mawe yenyewe. Safari za Apollo, za Wamarekani kwenda Mwezini kati ya 1969 na 1972, zilileta kilo 382 za mawe na udongo, na isotopu za oksijeni zilizomo, yaani atomi za oksijeni zinazotofautiana kwa uzito, zinakaribiana mno na za Dunia. Za Mirihi zinatofautiana waziwazi. Sasa, katika hesabu za kompyuta za mgongano ule wa kawaida, sehemu kubwa ya Mwezi hutokana na Theia. Alama ya mgeni huyo iko wapi?

Hapo ndipo kisa kimoja kilipogawanyika kuwa visa vingi. Mwaka 2012 Robin Canup alionyesha kwamba miili miwili inayokaribiana kwa ukubwa ingeweza kuchanganyika kabisa. Mwaka huohuo Matija Ćuk na Sarah Stewart walipendekeza Dunia iliyokuwa ikijizungusha kwa kasi sana, ikagongwa na kitu kidogo zaidi. Mwaka 2017 Raluca Rufu na wenzake wakaleta migongano mingi midogo, kila mmoja ukizaa kijimwezi. Wote husema "mgongano", ila hawaelezi tukio moja. Ndiyo maana nikisoma kwamba wanasayansi "wamethibitisha" jinsi Mwezi ulivyotokea, najua mwandishi amerukaruka.

Kama ningelazimishwa kuchagua, ningeegemea wazo lisilo na mbwembwe: Theia ilikuwa jirani, imeumbwa kwa malighafi ileile ya Dunia. Si upuuzi, kwani vipo vimondo, vile vyenye madini ya enstatiti, ambavyo isotopu zake za oksijeni zinashabihiana sana na za Dunia. Kinachoninyima raha ni metali iitwayo tungsteni. Isotopu zake hutegemea chuma cha sayari kilizama lini na kwa kiasi gani, hivyo majirani wawili hawana sababu ya kulingana. Na bado, ukishaondoa mchango wa vimondo vilivyoanguka baadaye, Mwezi na Dunia vinalingana. Hilo linanirudisha kwenye kuchanganyika, nipende nisipende.

Kwa hiyo macho yangu yako kwa sampuli za chombo cha China, Chang'e 6, karibu kilo mbili, zilizoletwa Juni 2024 kutoka upande wa Mwezi usioonekana kutoka Duniani. Zilichotwa ndani ya bonde kubwa la Ncha ya Kusini-Aitken, ambako pigo la kale huenda lilifukua miamba ya kina kirefu ambayo Apollo haikuifikia. Vipande vya kina hicho vikipatikana humo, vipimwe oksijeni na tungsteni kabla ya kitu kingine chochote.