Kushuka Ndiko Kunakozeeka Kwanza

Mwezi Juni mwaka jana nilianguka kwenye mteremko ninaoujua kama jiko langu. Hakukuwa na mvua wala ukungu. Palikuwa na jiwe bapa, nyasi zimelilalia, na mimi usoni nina miwani mpya ya lenzi mbili, juu ya kuonea mbali, chini ya kusomea. Ukitazama miguuni kwa miwani hiyo huku unakimbia, ardhi inakujia ghafla halafu inarudi nyuma. Nikajikuta nimekaa kwenye kangaga napapasa meno kwa ulimi kuhakikisha yapo yote. Mzee mmoja wa miaka sabini na kitu akafika, akauliza kama niko salama, nikamjibu niko salama, akaendelea na safari yake. Alinishinda kwa dakika 2 siku ile. Simlaumu, mbio ni mbio.

Naishi kaskazini mwa Uingereza, kwenye milima ambayo wenyeji huiita fell, neno waliloachiwa na Wanorse wa kale. Mbio zake hazifanani na marathoni. Unaonyeshwa kilele, unapanda, unarudi, na mara nyingi njia ya kupita ni shauri lako. Zikiwa za daraja A, kila kilomita ina wastani wa mita 50 za kupanda au zaidi. Kiunoni unafunga kimkoba chenye koti la mvua, ramani, dira na filimbi. Mwisho kuna chai na keki, na karatasi ya matokeo yenye herufi kando ya jina lako: V40, V50, V60, V70. Huo ndio umri wako, umeandikwa hadharani. Mimi ni V50. Nilianza nikiwa na miaka 41, na kaka yangu alipopata habari alipiga simu kutoka Lushoto kunicheka: "Dada, yaani umevuka bahari yote hiyo kwenda kupanda mlima? Kwani Usambara imehamishwa?"

Sasa nina 54. Kuna mbio moja fupi ya jioni ambayo nimeikimbia karibu kila mwaka, na saa ya mkononi hunigawia muda wa kupanda na wa kushuka. Nilipokuwa na miaka 46 nilipanda kwa dakika 37 na sekunde 40, nikashuka kwa dakika 20 na sekunde 50. Sijawahi kukimbia vizuri kama siku ile. Mwaka jana, mbio za Juni hizohizo (muda wa kukaa kwenye kangaga nimeutoa, nisijionee), nilipanda kwa dakika 40 na sekunde 10 na kushuka kwa dakika 26 na sekunde 20. Kwenye kupanda, miaka 8 imenidai dakika mbili na nusu. Kwenye kushuka imenidai tano na nusu, tena kwa sehemu ambayo mvuto wa dunia unanisaidia bure.

Watu wakizungumzia uzee wa mkimbiaji wanataja pumzi. Ni kweli pumzi inapungua. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka 10 baada ya kupita miaka 30, na anayejifua kwa bidii hushuka taratibu zaidi. Mapigo ya juu kabisa ya moyo nayo hupungua, ufanye mazoezi usifanye. Lakini mlima mkali unawasamehe wazee kwa sababu moja: pale juu hakuna anayekimbia. Hata mabingwa wanainama, wanaweka viganja juu ya magoti, wanasukuma. Ni kutembea, na kutembea tunakujua. Vijana wananipita kwenye kupanda, ndiyo, lakini kwa ustaarabu, naweza hata kusoma maandishi kwenye fulana zao.

Kushuka ni habari nyingine kabisa. Misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, inakaza huku inavutwa, na kazi hiyo ndiyo inayoichana zaidi. Nilipokuwa na miaka 43 maumivu yalikuja kesho yake na kuondoka keshokutwa. Siku hizi yanakaa mpaka Alhamisi, na ngazi za nyumbani nazishuka kinyumenyume nikishika ukuta. Zile nyuzi za misuli za kufanya jambo kwa haraka, za kukuokoa mguu ukiteleza, ndizo zinazopungua mapema. Macho yanataka mwanga zaidi na yanachelewa kuhama kutoka jiwe la karibu kwenda la mbali, na mkimbiaji mzuri wa mteremko haangalii anapokanyaga, anaangalia hatua tatu au nne mbele. Sisi wanawake tuna la ziada: hedhi ikishakoma, mifupa inapoteza uzito wake haraka, na mwili unalijua hilo kabla hujaambiwa na daktari. Unajibana wenyewe. Najiambia achia, achia, magoti hayasikii.

Mama yangu ana miaka 78 na bado anashuka kutoka shambani akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Desemba iliyopita nilimfuata nyuma nikimtazama miguu tu. Haweki unyayo mbele, anaweka upande, kama anayeshuka ngazi nyembamba, hatua fupi fupi, mara kushoto mara kulia kuivunja ile njia isiwe kali. Hakuteleza hata mara moja. Mimi niliyevaa viatu vya meno vya pesa nyingi niliteleza mara mbili, akasema tu, "Pole mwanangu," bila kugeuka. Ameshuka njia ile tangu utotoni. Mimi niliondoka nikiwa na miaka 19.

Hapo ndipo hesabu yangu ya umri ilipoanza kunitia shaka. Kwenye mbio za kupanda na kushuka Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, rekodi ya wanawake iliwekwa mwaka 1984 na Pauline Haworth, saa 1:43:25, ikakaa miaka 34. Aliyekuja kuivunja mwaka 2018, kwa sekunde 24, alikuwa Victoria Wilkinson, wa umri wa miaka kama 40 hivi. Na mteremko wa Ben Nevis si wa kuchezea, ni mawe makubwa juu na nyasi zenye utelezi chini. Kama ningekuwa nasema kweli kwamba kushuka kunazeeka kwanza kwa kila mtu, rekodi ile isingevunjwa na mtu wa umri huo. Lakini mwanamke huyo alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio za milimani mwaka 1997. Miguu yake ilijifunza mapema, kama ya mama. Kwa hiyo nimerekebisha kauli: kushuka kunazeeka kwanza kwa sisi tuliojifunza ukubwani.

Na sisi ndio wengi kwenye orodha za V50 na V60, jambo linaloharibu takwimu zote za umri. Mtu anayeanza akiwa na 41 atapata nafuu miaka mitano, sita, hata saba, kwa sababu anajifunza mlima kwa kasi kuliko mwili unavyochakaa. Ukimwangalia yeye peke yake utasema uzee haupo. Halafu wanaoumia magoti, wanaochoka, wanaopata wajukuu wa kulea, wanaacha, na majina yao yanatoweka kwenye karatasi. Ukichukua matokeo ya V70 ya leo na kuyalinganisha na ya vijana unalinganisha kundi zima na waliosalia. Yule mzee aliyenipita hakuwa mfano wa watu wa miaka 70. Wenzake wako nyumbani.

Mimi nina wapinzani wangu watatu, wanawake wa rika langu, na kwa miaka mingi nilijipima kwao. Tulikuwa tunamaliza kwa mpangilio uleule, nikajiona sijabadilika. Ilinichukua muda kugundua kwamba sisi ni abiria wa basi moja tunaoulizana kama basi linatembea.

Kuna majedwali ya kimataifa ya kurekebisha muda kwa umri. Unaingiza miaka yako na umbali, yanakupa asilimia. Marafiki zangu wanayapenda. Kwa uwanja na barabara sina ugomvi nayo, huko ndiko yalikotengenezwa. Kwa mlima nayakataa. Jedwali linajua kilomita, halijui kama jana ilinyesha, wala halijui kama umeanza kushuka milima ukiwa na miaka 8 au 41.

Kipimo ninachokiheshimu kimeachwa na Joss Naylor, mfugaji wa kondoo wa bonde la Wasdale aliyefariki Juni 2024 akiwa na miaka 88. Alikuwa na matatizo ya mgongo tangu ujana na bado akawa wa chuma. Mwaka 1975, akiwa na 39, alipita vilele 72 ndani ya saa 24. Mwaka 1986, na miaka 50 yake, alipita vilele vyote 214 vya orodha maarufu ya mwandishi Wainwright kwa siku 7 na zaidi kidogo ya saa moja, na hakuna aliyeufikia muda huo mpaka 2014. Alipofika 60 akakimbia vilele 60 kwa saa 36. Mwaka 2006, akiwa na 70, vilele 70 chini ya saa 21, njia ya zaidi ya kilomita 80. Usizilinganishe hizo namba kama za uwanjani, kila safari ilikuwa na vilele vyake. Kinachonivutia ni kwamba kila muongo alijipangia kazi mpya badala ya kurudia ya zamani na kujionea huruma.

Ameacha pia njia yenye jina lake, kutoka kijiji cha Pooley Bridge hadi daraja la Greendale karibu na kwake, vilele 30, kilomita kama 77. Aliye chini ya miaka 50 haruhusiwi. Wa 50 hadi 54 anapewa saa 12, wa 55 hadi 59 saa 14, wa 60 hadi 64 saa 18, na kuanzia 65 saa 24. Angalia ngazi hizo zinavyopanuka: saa 2, kisha 4, kisha 6. Sijui hesabu ya maabara inayosema hivyo, lakini mtu aliyechunga kondoo kwenye miteremko ile maisha yake yote aliona kwamba uzee haushuki kwa mstari ulionyooka, unaanza polepole kisha unaongeza kasi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko asilimia za jedwali.

Nina miezi michache kabla sijafika 55. Wenzangu wananishauri nisubiri nipate zile saa 2 za ziada, na nadhani nitawasikiliza, maana saa 12 kwa kushuka kwangu kwa sasa ni ndoto. Miwani ya lenzi mbili nimeirudisha kabatini. Jumapili nilivaa ile ya zamani, nikaenda kwenye mteremko uleule, nikachagua kipande cha mita 200 na kukishuka mara 10: mara 3 kwa kutembea na unyayo wa upande kama mama, kisha kwa kukimbia, macho mbele. Mara ya saba nilianguka tena. Kondoo wawili wakaacha kula, wakanitazama mpaka nilipoinuka.