Kushtakiwa Hakuhitaji Pingu

Hapa Uganda watu wengi huamini kwamba kesi ya jinai haianzi mpaka mtu akamatwe, alale mahabusu, kisha apandishwe kizimbani. Sheria haisemi hivyo, na imani hiyo inawaumiza watu ambao hapakuwa na sababu yoyote ya kuwafungia hata usiku mmoja.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu inatoa njia tatu. Polisi wanaweza kumfikisha mbele ya hakimu mtu waliyemkamata. Polisi au mwendesha mashtaka anaweza kuwasilisha mashtaka na kuomba samansi, yaani hati ya kumwita mtu afike mahakamani, au hati ya kukamata. Na raia wa kawaida naye anaweza kupeleka malalamiko kwa hakimu, ambaye akiridhika kwamba kuna dalili za kosa na kwamba malalamiko si ya kusumbua tu, huandaa hati ya mashtaka na kuitia saini mwenyewe. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kuichukua kesi hiyo baadaye, kwa mamlaka ya ibara ya 120 ya Katiba. Katika njia hizi mbili za mwisho, mtu anaweza kushtakiwa akiwa bado nyumbani kwake.

Samansi huandikwa nakala mbili zenye saini na muhuri. Mshtakiwa hukabidhiwa moja, na anaweza kutakiwa kusaini nyuma ya nyingine kuthibitisha kwamba ameipokea. Akiipuuza, hakimu ana uwezo wa kuagiza akamatwe.

Anayeshukiwa kwa mauaji au anayetisha mashahidi akamatwe mara moja. Hapo sina ubishi. Lakini mwalimu anayegombania mpaka wa shamba na jirani yake, ambaye mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaijua nyumba yake na shule inamwona kila asubuhi, atakimbilia wapi? Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, ila anayekamatwa Ijumaa jioni huweza kukaa ndani mpaka Jumatatu, huku ndugu zake wakimpelekea chakula na kutafuta wadhamini. Kuta za vituo vingi zinatangaza kwamba dhamana ya polisi ni bure, na ni kweli kisheria, lakini siku zake za kazi hazirudishwi na mtu, wala heshima yake mbele ya wanafunzi.

Ninachotaka ni kwamba kwa makosa yasiyo ya kutumia nguvu, samansi iwe ndiyo hatua ya kwanza, na anayetaka kukamata aandike kwenye jalada la kesi sababu za kuona samansi haitoshi, ili hakimu azisome.