Kushoto na Kulia Hawaelewani

Anayesema picha ya 3D ni picha mbili tu, moja ya kila jicho, huyo hajawahi kuipiga familia yangu.

Nadharia naijua. Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alishaeleza tangu 1838: kila jicho lipe picha yake, kina cha picha ubongo utakitengeneza wenyewe. Sawa, bwana mkubwa. Lakini yeye alitumia michoro ya mistari! Mchoro wa mchemraba haupepesi macho. Hauondoki katikati ya kazi kwenda kuangalia wali jikoni.

Mimi nina simu moja. Kwa hiyo naegemea mguu wa kushoto, napiga. Nahamia mguu wa kulia, napiga. Simu isogee sentimita sita na kidogo, kadiri ya nafasi ya macho. Majirani wanauliza ngoma ni ya nani. Na hapo kati ya mguu na mguu, dunia nzima inakumbuka shughuli zake. Shemeji anageuka. Kuku anakatiza. Matokeo yake, kuku yupo kwa jicho la kushoto, kwa la kulia hayupo, na ukivaa miwani ya nyekundu na samawati, ile inayolipa kila jicho picha yake, anakuwa anatokea na kupotea kama jini. Kuku huyo hana dawa. Ni kumfuta, au kuwapanga watu upya, na watu wenyewe wameshanuna.

Simu nayo ina ujuaji. Picha ya kwanza ukuta mweupe, ya pili ukuta una homa ya manjano. Usipobonyeza skrini kwa kidole mpaka ifunge mwanga na fokasi, kila picha inajiamulia.

Ila adui mwenyewe ni juu na chini. Macho kwenye kushoto na kulia yana uvumilivu, ndiyo kazi yao. Ukitazama kitu cha karibu yanajivuta kuelekea puani, maisha yanaendelea. Lakini nani anaweza kutazama dari kwa jicho moja na sakafu kwa jingine? Hata mwenye nyumba siku ya kodi hawezi. Mkono ukishuka kidogo tu kwenye picha ya pili, mtazamaji anaumwa kichwa, halafu lawama kwangu.

Nashukuru Mjapani Masuji Suto katengeneza StereoPhoto Maker, programu ya bure. Unaipa picha zako mbili, inatafuta vitu vinavyofanana, inanyoosha iliyoinama, inalinganisha ukubwa, inashusha iliyopanda. Nzuri kweli. Tatizo, ikimaliza inakata kingo zisizolingana. Na ukingoni alikuwa amesimama nani? Baba mkwe.

"Mimi niko wapi?"

"Mzee, ilikuwa lazima picha zilingane."

"Zilingane na nani?"

Hebu mjibu wewe. Sasa mahari imeanza kutajwa tena, mambo tuliyomaliza zamani.

Nikabakiwa na bibi, mtu wa subira. Picha nimeinyoosha, rangi nimezisawazisha, kuku nimemfuta. Nikamvalisha miwani mwenyewe, nyekundu kushoto, maana ukiigeuza aliye mbele anarudi nyuma na pua zinaingia ndani ya uso. Bibi akaitazama picha muda mrefu. Akasogea. Akafumba jicho moja.

"Haya," akasema, "sasa naona vizuri."